Gesi karibu na moto, mbona hailipuki?

Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima hapa Zimmerman na mimi na mpwa wangu tukapanda juu kabisa ya ploti, pale watu huanika nguo, ju ndani ya nyumba kulikuwa na joto na hakuna kitu ungefanya gizani. Stima ikipotea Nairobi ndio unakumbuka kumbe kuna nyota. Mpwa wangu yuko gredi ya nane, msichana wa maswali tangu akiwa mdogo, na nilikuwa namsimulia kuhusu sayari moja inaitwa 51 Pegasi b, dude kubwa la gesi linalozunguka nyota yake karibu sana hadi mwaka wake mzima, yaani mzunguko mmoja, unaisha kwa siku nne na masaa matano hivi. Akanyamaza kidogo. Alafu akaniuliza, "Lakini anko, kama ni gesi tupu na iko hapo karibu na moto, si ingekuwa imelipuka kitambo?"

Mtoto wa Nairobi anajua mtungi wa gesi na jiko la makaa haviwekwi pamoja. Anajua ukinusa gesi unafunga regulata, unafungua madirisha na huwashi hata taa. Sasa anaambiwa kuna mtungi wenye uzito wa karibu Dunia 150 umekaa mbele ya jiko ambalo uso wake una nyuzi joto 5,500 hivi, na umekaa hapo mabilioni ya miaka bila neno. Lazima aulize. Nilimjibu pale juu lakini haraka haraka, stima ikarudi, akashuka kuchaji simu, na mimi nikabaki nikijua swali lake halijaisha, ju ukilifuata vizuri linakupeleka hadi kwa mambo ambayo wanaastronomia wenyewe wanabishania mpaka leo. Hili ndilo jibu refu.

Tuanze na moto wenyewe. Gesi ya kupikia haiwaki ju ni gesi, inawaka ju imekutana na oksijeni iliyo kwa hewa, na ndio maana ukifunika mshumaa na glasi unazima baada ya muda mfupi ingawa nta bado ipo. Kuungua ni vitu viwili kushikana. Sayari kama 51 Pegasi b imejengwa kwa haidrojeni na heli, kama Mshtarii wetu, yaani Jupiter. Heli haiungui na chochote. Haidrojeni ndio hupenda sana kuungua lakini huko haina mwenzake, ju oksijeni kidogo iliyoko ishashikwa kitambo, imefungwa ndani ya mvuke wa maji na ndani ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko la makaa inayoua watu waliolala wakiwa wamefunga madirisha. Na maji yenyewe ukifikiria ni haidrojeni ambayo ilishaungua, ni kama jivu lake, na jivu huwezi kuliwasha tena. Alafu hata nyota si moto kama ule wa makaa. Nyota inatoa nguvu zake katikati kabisa, penye mgandamizo umepita kiasi, huko viini vya haidrojeni vinagongana na kuungana kuwa heli, hakuna oksijeni inayohitajika, hakuna mwali unaoweza kurukia jirani. Kwa hivyo mlipuko hakuna. Joto ndilo liko, na joto ni kesi nyingine.

Ju hata bila kuwaka, gesi ikipashwa si inatawanyika? Chemsha maji uache sufuria bila mfuniko uende dukani upige stori, ukirudi hakuna kitu. Hii ni kweli na imeonekana kwa macho ya darubini. Kuna sayari nyingine ya aina hii inaitwa HD 209458 b, iko karibu miaka 160 ya nuru kutoka hapa, yaani mwanga wake unasafiri miaka 160 ndio utufikie, na mwaka 2003 darubini ya Hubble ilionyesha haidrojeni ikihepa kutoka kwake, wingu kubwa kuliko sayari yenyewe, na hesabu ya wakati huo ikasema inapoteza angalau tani 10,000 kila sekunde. Hayo ni malori 1,000 ya mchanga, yale ya tani kumi, yanaondoka kila sekunde, usiku na mchana.

Ukisikia hivyo unaona hiyo sayari haina siku nyingi. Lakini chukua kalamu. Uzito wake ni kama asilimia 70 ya Mshtarii, hiyo kwa tani ni 13 ikifuatwa na sufuri 23. Gawanya na 10,000 upate sekunde, mwaka mmoja una sekunde milioni 31 na nusu hivi, gawanya tena, unafika miaka trilioni nne. Ulimwengu mzima una miaka bilioni 13.8 tu. Kwa hiyo kasi, tangu izaliwe mpaka leo haijapoteza hata asilimia moja. Mimi hesabu hii ndio hunituliza kuliko maelezo yoyote, ju inaonyesha ukubwa wa kitu tunachoongelea, kinavuja malori elfu kwa sekunde na hakijali.

Kinachoishika ni uzito wake. Hapa Duniani roketi ikitaka kuhepa kabisa lazima ifikishe kilomita 11 kwa sekunde, pale HD 209458 b inahitaji zaidi ya 40, na chembe nyingi za gesi hazifiki huko hata zikichomwa namna gani, ni zile za juu kabisa tu ndizo zinaponyoka. Sayari ndogo ndio huumia. Tukiangalia karibu na nyota hivyo, sayari za saizi ya Neptuni ni chache ajabu, kuna kubwa sana na kuna ndogo za mawe lakini hapo katikati ni kama shamba lililofyekwa, na moja ya sababu ni kwamba nyota huzichuna gesi yote zikabaki mifupa.

Sasa, mpwa wangu alikuwa anashangaa kwa nini hiyo gesi iko salama. Wanasayansi walishangaa zaidi kwa nini iko pale kabisa. Ili uelewe, chukua barabara ya Mombasa. Weka Jua pale Archives katikati ya tao, alafu weka Mshtarii Mombasa, kilomita 480. Kwa kipimo hicho Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, inakaa umepita Athi River kidogo, na Dunia yetu iko karibu kufika Sultan Hamud. Sasa 51 Pegasi b ingekuwa wapi? Umetoka Archives, umepita Nyayo Stadium, hujafika mbali, kilomita tano hivi. Kitu ambacho mahali pake pa kawaida ni Mombasa umekipata South C. Kwa vipimo vya ukweli ni kama kilomita milioni nane kutoka kwa nyota yake wakati Mshtarii uko kilomita milioni 778 kutoka kwa Jua.

Na hapo ndipo kila mtu alikuwa amejipanga vibaya. Kila aliyetafuta sayari za nje alijifunza kwa mfumo wetu, penye kubwa za gesi ziko mbali na zinachukua muda, Mshtarii unachukua karibu miaka 12 kuzunguka Jua mara moja, kwa hivyo ukitaka kuona Mshtarii wa nyota nyingine unajipanga kwa miaka kumi na kitu ya subira. Kundi moja la Canada, wakina Gordon Walker na Bruce Campbell, walifuatilia nyota 21 kwa miaka 12 na hawakuthibitisha hata sayari moja. Kitu kinachoniuma kidogo ni kwamba mwaka 1952 mwanaastronomia anaitwa Otto Struve alikuwa ameandika karatasi fupi akisema, kwani ni nani amekataza sayari kubwa ikae karibu sana na nyota, izunguke kwa siku moja tu, ikiwa hivyo tunaweza kuigundua kwa vyombo tulivyonavyo. Hakuna aliyeshtuka. Miaka 43 ikapita.

Njia yenyewe ya kuigundua si ngumu kueleza. Sayari haizunguki nyota iliyosimama tuli, zote mbili zinavutana, nyota nayo inayumba kidogo, inakuja upande wetu alafu inarudi nyuma. Umesimama kando ya Southern Bypass pikipiki ipite kwa kasi, sauti ikija ni nyembamba, ikishakupita inakuwa nzito. Mwanga hufanya hivyo pia, nyota ikija mwanga wake unasogea kidogo upande wa bluu, ikienda unasogea upande wa nyekundu, na ukiwa na chombo cha kupasua mwanga kwa rangi zake unaweza kusoma hiyo kasi. Mshtarii unalivuta Jua letu kwa kasi ya kama mita 12 kwa sekunde, mtu wa baiskeli mwenye mbio anakaribia hapo. Dunia yetu inalivuta kwa sentimita 9 kwa sekunde, mtoto anayetambaa anaipita. Lakini 51 Pegasi ilikuwa inayumba kwa mita 56 kwa sekunde, hiyo ni kilomita 200 kwa saa, kwenda na kurudi, kila siku nne.

Walioiona ni Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz, wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakitumia chombo kinaitwa ELODIE kwenye kituo cha Haute-Provence kusini mwa Ufaransa. Queloz alikuwa bado anasomea PhD yake, na kitu cha kwanza alichofikiria ni kwamba chombo kimeharibika. Fikiria uko na miaka ishirini na kitu, prof wako hayuko karibu, na namba zinakuambia kitu ambacho vitabu vyote vinasema hakiwezi kuwa. Hawakukimbilia kutangaza, walisubiri nyota irudi mahali pazuri pa kuonekana Julai 1995, wakapiga hesabu mapema kwamba usiku fulani itakuwa inakuja, usiku fulani inaenda, na ikafanya hivyo hivyo. Wakatangaza Oktoba mjini Florence, Italia. Geoff Marcy na Paul Butler kule Marekani wakaelekeza darubini yao huko na ndani ya siku chache wakathibitisha, alafu wakarudi kwa data zao wenyewe za miaka iliyopita wakapata sayari nyingine zimekaa humo ndani. Mayor na Queloz walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2019, wakigawana na James Peebles. Na hiyo herufi b mwisho wa jina, ju watu huuliza, ni kwamba nyota yenyewe inahesabiwa kama a, sayari ya kwanza kupatikana inaanza na b.

Bado kulikuwa na waliosema pengine si sayari, pengine ni uso wa nyota wenyewe unapumua. Kilichomaliza ubishi ni ile HD 209458 b niliyotaja, mwaka 1999, ju yenyewe imejipanga hivi kwamba kila siku tatu na nusu inapita mbele ya nyota yake tukiiangalia, na ikipita nyota inafifia kwa kama asilimia moja na nusu kwa muda wa masaa matatu hivi. Makundi mawili yaliona, la David Charbonneau na la Greg Henry, na kundi la Charbonneau lilitumia kadarubini kenye upana wa sentimita 10 kalichowekwa pale kwenye maegesho ya magari mjini Boulder, Colorado. Sentimita 10, upana wa kiganja. Huwa nasema hii kila mahali ju watoto wetu wanadhani hii kazi ni ya darubini kubwa kama nyumba peke yake.

Ukijua kasi ya kuyumba unapata uzito, ukijua kiasi cha kufifia unapata upana, na hapo ndio shida mpya ikatokea. HD 209458 b ni nyepesi kuliko Mshtarii lakini ni pana kuliko Mshtarii, karibu asilimia 40 zaidi. Imeumuka kama mandazi. Ukichukua uzito wake ugawanye kwa ukubwa wake unapata kitu kama theluthi ya uzito wa maji, yaani ungepata beseni la kutosha ingeelea. Unaweza kusema ni joto, lakini joto la nyota linapasha ngozi ya juu tu, na ili sayari nzima ivimbe hivyo lazima joto lifike ndani kabisa, sasa linafikaje? Kinachojulikana ni kwamba zile zinazopata mwanga mwingi zaidi ndizo zimevimba zaidi, kwa hivyo nyota inahusika. Wengine wanasema ni upepo, gesi ikiwa ya moto hivyo inabeba umeme kidogo, upepo ukiikimbiza ndani ya sumaku ya sayari umeme unatiririka hadi chini na kupasha, kama waya wa heta. Mimi hiyo ndiyo naona ina nguvu, lakini ubishi haujaisha.

Na huko kukoje sasa. Umeona mama wa mahindi choma kando ya barabara venye anageuza hindi kila dakika? Akiliacha upande mmoja unakuwa makaa na mwingine mbichi. Hizi sayari zimeachwa upande mmoja. Nyota inavivuta vitu kwa nguvu ile ile ambayo mwezi unavutia bahari ikajaa na kupwa kule Mombasa, lakini hapa karibu hivi nguvu ni kubwa hadi imekwamisha mzunguko wa sayari, ikawa uso mmoja unatazama nyota milele na mwingine ni usiku wa milele. Ungekuwa upande wa mchana wa 51 Pegasi b ungeona nyota imejaa angani, zaidi ya mara 20 kwa upana kuliko venye tunaona Jua, na joto liko karibu nyuzi 1,000. Sufuria ya aluminiamu inayeyuka kwa 660.

Hiyo ni ya wastani. Kuna KELT-9b, ilitangazwa 2017, upande wake wa mchana unapita nyuzi 4,000, hiyo ni moto kuliko nyota nyingi nyekundu ndogo, na mwaka uliofuata wakaona chuma na titaniamu zimekuwa mvuke angani mwake. Chuma, ile ya nondo, inaelea kama unyevu. Kuna HD 189733 b, karibu miaka 64 ya nuru, ambayo kwa Hubble inaonekana bluu nzuri sana lakini hiyo bluu haitoki baharini, inadhaniwa ni chembe za silika, yaani mali ya glasi, zinazopeperushwa na upepo uliopimwa karibu kilomita 8,700 kwa saa. Na mwaka 2024 darubini ya James Webb ikapata humo haidrojeni salfaidi, ile gesi ya mayai viza. Upepo wenyewe unatoka wapi? Ni hilo hindi la upande mmoja, gesi ya moto ya upande wa mchana inakimbilia upande wa baridi, inajaribu kusawazisha na haimalizi.

Sasa turudi kwa ile safari ya kutoka Mombasa hadi South C, ju hapa ndio penye utamu. Sayari kubwa ya gesi haiwezi kujengwa kirahisi karibu na nyota. Nyota ikiwa changa inazungukwa na sahani ya gesi na vumbi, karibu na nyota ni moto, maji hayawezi kuganda kuwa barafu, kwa hivyo vitu vigumu vya kujengea ni vichache. Ukienda mbali, zaidi kidogo ya nusu ya njia ya kufika penye Mshtarii wetu uko, barafu inaanza, vitu vigumu vinaongezeka ghafla, unapata kiini cha uzito wa kama Dunia kumi, na hicho ndicho kinaanza kunyonya gesi kama mtu mwenye kiu. Kila kitu kiishe ndani ya miaka milioni chache, ju sahani ya gesi haidumu. Kuna wanaosema labda nyingine zilizaliwa pale pale zilipo, na hesabu zao si za kutupwa, lakini wengi wanaamini zilizaliwa mbali zikahama.

Kuhama kwa njia gani sasa. Njia ya kwanza ni ya polepole. Sayari ikiwa bado ndani ya sahani inavuta gesi iliyo karibu, gesi inajikunja kama maziwa ukikoroga chai, hiyo mikunjo nayo inaivuta sayari nyuma, inapoteza kasi kidogo kidogo na kusogea ndani, hadi ifike karibu na nyota ambapo sumaku ya nyota imefagia gesi ikabaki wazi, hapo haina cha kuisukuma tena na inasimama. Njia ya pili ni ya vurugu. Sahani imeisha, kuna sayari mbili kubwa ama nyota jirani, zinasukumana, moja inarushwa kwa njia ndefu nyembamba kama yai lililovutwa, inaenda mbali alafu inarudi kupita karibu kabisa na nyota, na kila ikipita karibu ile nguvu ya kujaa na kupwa inaifinya na kuila mwendo, mzunguko unafupika kila mara, baada ya mamilioni ya miaka umekuwa duara dogo.

Kwa muda niliona njia ya kwanza inatosha. Kilichonibadilisha ni WASP-17b, ilitangazwa 2009, inazunguka kinyume na nyota yake inavyojizungusha. Nyota na sayari zake hutoka kwa sahani moja inayozunguka upande mmoja, kwa hivyo ukipata moja inaenda kinyume ujue kuna kitu kiliipindua njiani, na mwendo wa polepole ndani ya gesi haupindui mtu. Alafu kuna HD 80606 b, hii ni kama tumeipata ikiwa bado njiani, mzunguko wake ni siku 111 na ni mrefu mwembamba kupindukia, ikipita karibu na nyota joto lake lilipimwa likipanda kutoka kama nyuzi 500 hadi zaidi ya 1,200 ndani ya masaa sita. Asubuhi mpaka saa sita mchana. Na nyingi ya hizi sayari kubwa za gesi zilizo karibu na nyota, zinaitwa Mshtarii za moto, ziko peke yake, majirani wa karibu hawapo, kama kitu kilichopita kikivuruga kila mtu. Lakini usifunge faili hapo, ju mwaka 2015 iligundulika kwamba WASP-47 b ina sayari ndogo pande zote mbili, moja ndani moja nje, zimetulia, na huwezi kupita hapo kwa fujo ukawaacha majirani wamekaa hivyo. Kwa hivyo naona njia zote mbili zimetumika, na kazi iliyobaki ni kujua ipi ilitumika mara ngapi, na hiyo ndiyo wanayobishania sai.

Kitu kimoja watu hukosea sana wakisoma haya mambo ni kudhani ulimwengu umejaa hizi sayari. Simama Kencom saa moja uandike magari unayoona, matatu ya Kawangware utaandika sijui mara ngapi, zinaenda na kurudi siku nzima, basi la Kisumu labda utaliona moja ama usilione. Ukirudi nyumbani useme watu wengi wa Nairobi wanaishi Kawangware utakuwa umedanganywa na saa yako moja. Sayari ya siku nne inajionyesha mara 90 kwa mwaka na inayumbisha nyota yake kwa nguvu, ya miaka 12 inataka uzeeke ukiitazama. Ndio maana za kwanza kupatikana zilikuwa hizi. Leo tuna zaidi ya sayari 6,000 za nje zilizothibitishwa, na ukirekebisha hesabu unakuta ni nyota moja kati ya mia moja ama mia mbili hivi zinazofanana na Jua ndiyo ina Mshtarii wa moto. Ni adimu. Zilitangulia kuonekana tu.

Na kama mpwa wangu angeniuliza basi mwisho wake ni upi, kama hailipuki na haivukizwi, ningemwambia kuhusu WASP-12b. Hii mwaka wake ni masaa 26 tu, iko karibu na nyota hadi imevutwa ikawa na umbo la yai, na watu wameisubiri ikipita mbele ya nyota yake mwaka baada ya mwaka wakaona inawahi, mzunguko unafupika kwa kama milisekunde 29 kila mwaka. Ni kidogo kuliko kupepesa jicho. Lakini inaongezeka, na maana yake ni kwamba inateremka, ile ile nguvu ya kujaa na kupwa iliyowahi kuzileta hapa wengine sasa inaila mwendo wake wa mwisho, na baada ya kama miaka milioni tatu nyota itaimeza. Kwa hivyo alikuwa sawa kuogopa huo ukaribu. Hatari yenyewe ndiyo haikuwa moto.

Ukitaka kuangalia nyota ya 51 Pegasi mwenyewe, sisi wa ikweta tuna bahati, karibu anga lote tunaliona. Nenda mahali penye giza, Magadi ni pazuri, Oktoba ama Novemba mwezi usipokuwepo, saa mbili saa tatu usiku, utazame kaskazini juu. Kuna nyota nne zimekaa kama mraba mkubwa, hiyo ni Pegasus. Shika zile mbili za upande wa magharibi, Scheat na Markab, tafuta katikati yake alafu usogee magharibi kidogo tu, nje ya mraba. Kwa macho matupu ni hafifu, mtu mwenye macho mazuri ataikamata, na ukiwa na darubini ya mkono ya kawaida utaiona wazi, kanyota kamoja ka manjano. Mwanga utakaouona ulitoka huko miaka 50 iliyopita, na tangu utoke huko ile sayari imeshazunguka zaidi ya mara 4,000. Tumepanga kwenda na mpwa wangu shule zikifungwa Oktoba, na amesema atabeba daftari.